Tangazo ya Kifo ya Raphaël

Bukavu, 6 mai 2024

Tante Virginie,

Uko aje? Mugongo iliacha kuuma? Mimi niko bien, ni kitambi tu njo inakataa kuja.

Tante, groupe yangu ya WhatsApp inajaa kama bateau ya Kalehe! Matangazo ya bifo yote ile mulikuwa munasoma ku radio, sasa batu banatumia mimi, bure. Hata bamaiti banapenda bure! Achana na bachef bako, ukuje tufanye kazi pamoja: wewe sauti, mimi akili. Usicheke.

Mutoto yako,
Destin

Nyalukemba, 20 mai 2024

Mutoto yangu Destin,

Nakusalimia. Mugongo ingali inauma. Radio yetu ilifunga juzi, samedi. Ile matangazo njo ilikuwa inatulisha.

Lakini siandike juu ya ile. Jana ulitangaza ku groupe yako kama Raphaël, mutoto ya maman Rosalie, alikufia mu shimo ya zahabu kule Kamituga. Nani alikuambia? Sisi, tangazo ya kifo hatukuwe tunaisoma kama mutu wa familia hajakuja yeye mwenyewe. Raphaël iko muzima, nilimupigia. Wewe ulipigia nani?

Tante yako

Bukavu, 21 mai 2024

Tante,

Ulilala? Mimi hapana.

Sikupigia mutu. Motard mumoja, mutu wa pikipiki, alituma ujumbe, nikaweka photo na mishumaa, niwe wa kwanza. Nilifuta, lakini bagroupe bengine balisha kuibeba.

Nilienda kwa maman Rosalie. Bâche ya kilio imesimama, batu bamejaa, yeye iko chini, kichwa imenyolewa. Nikapiga magoti: "Maman, ni mimi nilikosa." Raphaël akamuongelesha ku telephone mupaka Raphaël mwenyewe akalia. Maman akaisukuma ile telephone: "Siku hizi munatengenezaka hata sauti ya maiti. Virginie akisema ku radio, nitaamini." Hajakula tangu ile siku. Na Raphaël hawezi kufika, mvua ilikata barabara.

Tante, nilitafuta kichekesho, nikakosa. Mimi! Ile radio ni mimi niliiua. Uende kwake, nakuomba.

Destin

Nyalukemba, 22 mai 2024

Destin,

Nilienda. Nilikaa naye chini, nikataja jina ya radio na jina yangu kama zamani, nikasema: Raphaël iko muzima, nilimusikia mimi mwenyewe. Akanikamata mukono, akalia, kisha akakunywa uji.

Akaniuliza: "Na kesho, nifungule radio saa ngapi?"

Hajue kama radio ilifunga. Ile, utamuambia wewe.

Tante Virginie