Kijiti Nilichokikata Kwenye Picha

Karisa, ndugu yangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siwezi kuiuliza, na yangu naona haya kuieleza. Barua zako zote kutoka kwenu nilikuwa nikikusomea mimi, barazani kwako Magongo, nawe ukinikodolea macho kana kwamba kuna maneno nayaficha. Hii sijui nani atakusomea. Naiandika hivyo hivyo, maana nikizidi kunyamaza nitapasuka.

Tangu tukuzike mvua zimekwisha, na matope ya nyuma ya Changamwe yamejaa ndege. Nimekwenda peke yangu. Nikaitega kamera juu ya sanduku, nikaifunika mwani, nikarudi kujificha kwenye mikoko na ncha ya uzi wa kuifyatulia mkononi, kama tulivyozoea. Maji yakajaa, wale ndege wetu wa ufukweni, vitwitwi, wakaja. Wapi! Wakapita mbali, upande wa pili kabisa, na filamu zenyewe tangu vita ni za kubahatisha. Ulikuwa ukijuaje watakapopita? Nilikuuliza mara ngapi, nawe ukicheka tu: "Weka sanduku hapo, Bakari, wacha maneno."

Kisha ungechomeka kile kijiti chako cha mkoko, chenye alama tatu ulizozichonga kwa kisu, hatua chache mbele ya kamera. Kilikuwa kikiniudhi. Nilikiona kinaharibu picha. Wewe ulisema ndege asiye na kitu kando yake hajulikani kimo, na picha zetu hazina rangi, sasa mtu atamtambuaje? Mimi, fundi wa picha mwenye chumba cha giza Kisauni, nifundishwe na kibarua wa kupakia mapipa! Sikukwambia, Karisa, lakini ndivyo nilivyowaza.

Unamkumbuka yule mwalimu wa skuli aliyekuwa akikusanya picha za ndege wa pwani ili aziandikie majina. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba wale vitwitwi wa kijivu wote ni aina moja. Wewe ukasema kwa adabu, kofia mkononi: "Hawa ni ndugu, bwana, si mtu mmoja. Huyu ana mguu mrefu na mdomo mzito. Yule ni mdogo, na mdomo wake mfupi." Mwalimu akataka tumletee picha za wote wawili azitazame pamoja. Njia nzima ya kurudi ulikuwa ukipiga mluzi.

Sasa nisikilize, nisije nikakosa ujasiri. Niliingia chumba cha giza, nikaweka negativu ya kwanza kwenye mashine ya kukuzia. Ndege mkubwa kichwa chake kilifika alama ya pili ya kijiti. Nikaweka ile nyingine. Mdogo aliishia alama ya kwanza, na kijiti ni kile kile. Nikaona wazi umesema kweli. Roho ikakataa. Nikainua kichwa cha mashine, nikamkuza yule mdogo mpaka akalingana na mwenzake. Picha zilipokauka nikachukua mkasi, nikakikata kijiti katika zote mbili.

Mwalimu akazishika pamoja, akasema mbona ni yule yule. Wewe ukazipeleka dirishani kwenye mwanga, ukazitazama mpaka nikaanza kutoka jasho. Ukasema kitu kuhusu mdomo, ila sauti ilikuwa imekwisha nguvu. Ukanigeukia: "Bakari, kijiti kiko wapi?"

Nikakujibu, "Kwani kijiti ni ndege, Karisa?" Mwalimu akacheka. Nawe ukacheka pamoja nasi. Hicho kicheko chako, wallahi, ndicho kinachonila mpaka leo. "Basi macho yangu yamechoka," ukasema, ukavaa kofia yako.

Hukurudi tena matopeni. Kila Jumapili nilipokungoja nje ya kanisa ulikuwa na udhuru. Mara mgeni, mara paa linavuja. Kisha kifua kikakushika. Nilikuja kukutazama mara nne, nikakuletea machungwa, nikakaa kando ya kitanda chako na lile neno mdomoni, na mara nne nikaondoka nalo. Siku ya maziko nilishika jeneza upande wa mbele. Watu wakasema, huyu Bakari ndiye rafiki wa kweli. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni majonzi matupu.

Juma lililopita nilikwenda kwa mkeo, nikamweleza yote. Kadzo hakunilaani. Heri angenilaani. Aliniambia siku zako za mwisho ulikuwa ukitazama uani na kumwuliza, "Kadzo, yule ni njiwa?" Njiwa, Karisa! Wewe uliyetambua ndege kwa mdomo tu! Akainuka, akaingia jikoni, akatoka na kijiti chako. Alikuwa akichochea moto nacho. Ncha imeungua, alama moja imekwenda na moto, zimebaki mbili. Akanitilia mkononi.

Nimezichapa upya zile picha. Safari hii nimeilinganisha mashine kwa kijiti kilichomo kwenye negativu, kiwe kimo kimoja katika zote mbili, na ndege wawe walivyo. Mkubwa ni mkubwa, mdogo ni mdogo. Nimempelekea mwalimu, pamoja na barua inayosema nani aliwatambua na nani aliwaghushi. Hajanijibu. Pengine hatataka tena picha zangu, na akikataa sitamlaumu.

Msamaha siuombi, kwa kuwa huna tena namna ya kuninyima. Pumzika, ndugu yangu, Mola akulaze pema. Kesho asubuhi nitashuka matopeni na kukichomeka kijiti mahali ulipokuwa ukikichomeka, na kila picha nitakayoipiga kitakuwamo, hata kama ndege atakuwa mzuri namna gani. Atakayeuliza kinafanya nini mle, nitamwambia ni cha Karisa, aliyeona wawili nikamwaminisha kuwa ni mmoja.

Ni mimi niliyekukosea,
Bakari