Ushanga kwenye Bawa la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Chai ya maziwa, kisha nikamtazama akinywa. Mume wangu! Bado siamini. Akaingia chumba cha kazi, nami nikafuata na kitambaa cha vumbi, kama kila asubuhi.

Setilaiti yake ya majaribio inaning'inia darini kwa uzi. Kisanduku kigumu katikati, mabawa mawili ya bati jembamba pembeni. Petro anasema huko juu setilaiti ikigeuka kidogo tu mabawa hutetemeka, na hakuna hewa ya kuyatuliza. Kompyuta inakadiria yatakavyotetemeka, vihisi vinapima yanavyotetemeka kweli. Vikitofautiana, kuna kasoro. Nampenda akieleza. Mikono yake nayo inapepea.

Alhamisi walimu wake wanakuja kutoka Arusha. Wakiridhika, anamalizia utafiti hapa Karatu. Wasiporidhika, anarudi chuoni, mimi nabaki na mama mkwe. Wataridhika. Najua.

Alipotoka nilichomoa ushanga mmoja wa bluu kwenye kidani changu cha harusi. Nikaubandika kwa nta chini ya bawa la kushoto, nchani kabisa. Baraka. Siri yangu.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Bawa la kushoto linatetemeka polepole kuliko hesabu. Petro amekaza skrubu zote, amerudia hesabu zote. Kompyuta imeng'ang'ania: nchani pameongezeka uzito. Anasema inaropoka.

Mama mkwe kaleta maharage kutoka Qurus. Akachungulia. "Ndege yenu hii itataga lini? Na nyie je?" Nilicheka peke yangu.

Ushanga mmoja tu? Mwepesi vile? Haiwezekani.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia.

Akapapasa chini ya bawa, akautoa, akaniangalia. Nikajua ndoa imekwisha kabla picha za harusi hazijasafishwa. Mara akaninyanyua juu. "Haikuropoka! Mke wangu, imeuona ushanga wako!" Tumezunguka mpaka tukaangusha kiti. Jamani, nampenda mtu huyu!

Alhamisi, 6 Machi
Walikuja watatu. Petro akawaambia: mke wangu ataficha ushanga, mimi nageukia ukutani, kompyuta itautafuta.

Siku ya harusi niliondoka nyumbani Soitsambu bila kuangalia nyuma. Kwetu bibi harusi akiangalia nyuma anakuwa jiwe. Sijui ujasiri nilipata wapi, nikamwambia Petro mbele ya wageni, "Baba, usiangalie nyuma. Utakuwa jiwe." Akasimama wima kama askari.

Nilichagua bawa la kulia, katikati. Petro akakigusa kile kisanduku, mabawa yakacheza. Kompyuta ikasema: kulia, katikati. Mwalimu mkubwa akainama na suti yake kuchungulia chini ya bawa. Akacheka kama mtoto.

Anabaki! Anabaki! Anabaki!

Ijumaa, 7 Machi
Mvua tangu alfajiri. Petro bado amelala. Nimeushona ushanga mahali pake kwenye kidani. Nimefuta vumbi mezani na dirishani. Setilaiti imetulia kabisa kwenye uzi wake. Nimepita pembeni, sikuigusa.