Stela Hageuki Akiitwa

Chuoni, Morogoro
Jumapili

Mama,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Anjela aliniambia umeanza kutembea bila fimbo, nikashukuru. Mimi mwili ni mzima ila moyo hauna raha, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia kabla sijafika mwisho.

Mama, muhula huu tunafundishwa utafiti wa watoto wadogo. Nilidhani utafiti ni mambo ya maprofesa, kumbe kazi ya kwanza ni kukaa pembeni mwa darasa la awali, umtazame mtoto mmoja nusu saa nzima na kuandika anachofanya. Mimi nilipangiwa binti wa miaka minne. Nikaandika: "Ni mkaidi, akiitwa haitiki." Mkufunzi wetu, mama mmoja mpole, akasoma.

"Ukaidi umeuona wapi?" akaniuliza.

"Ameitwa mara tatu, mwalimu."

"Basi andika hivyo. Ameitwa mara tatu, hakugeuka. Aliyemwita alisimama wapi?"

"Nyuma yake."

"Na alipoitwa kwa mbele?"

Nikaangalia daftari langu. Kwa mbele aliitika, akacheka. Mkufunzi akasema mtoto wa namna hiyo apimwe masikio kabla hajabandikwa jina lolote. Nikafunga daftari, maana sikuwa namfikiria tena yule binti. Nilikuwa namwona Stela wangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisema? Wewe ulisema Kinyasa na Kiswahili vinamchanganya, ndiyo maana maneno hayatoki. Baba akasema hata mimi nilichelewa kuongea. Mimi mama yake nikasema ana kichwa kigumu. Hakuna aliyekaa akamtazama.

Alhamisi nilimpigia Anjela. Usimkasirikie mdogo wangu, mimi ndiye niliyemwomba asikuambie kwanza. Nilimwambia asubiri Stela akiwa anacheza, amempa mgongo, kisha agonge sufuria kwa mwiko, asimguse wala kivuli chake kisimfikie. Akaiacha simu wazi. Nikasikia sufuria ikilia, kuku wakikimbia, na jirani akiuliza kuna nini.

"Amegeuka?"

"Bado."

"Gonga tena, kwa nguvu."

Akagonga mpaka nikaitoa simu sikioni. Kisha akaacha.

"Dada," akasema, "anapanga tu vijiti vyake."

Tangu siku hiyo naogopa, Mama. Naogopa ziwa, kwa sababu mnapoanika dagaa wa usipa yeye huzunguka karibu na maji, na mkimwita arudi mnadhani amesikia. Naogopa bodaboda za pale barabarani. Naogopa pia kwamba tumechelewa. Tunafundishwa kuwa miaka hii ya mwanzo ndiyo mtoto hujenga lugha, na yake mitatu imeshapita. Mkufunzi anasema huenda ni uchafu masikioni, au usaha unaotibika, na huenda sivyo; bila kipimo hawezi kujua. Hata nikipiga magoti sijui niombe lipi.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Asubuhi ile ya kuondoka nilimwita aje tuagane. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko, hakuja. Nikamfuata, nikamchapa mkononi. Hakulia. Alinitazama usoni, akitafuta alichokosa.

Nimepewa ruhusa ya wiki moja. Nitafika Lipingo Jumatano ijayo, Alhamisi tusafiri watatu, mimi, wewe na Stela, na Ijumaa atapimwa hospitalini Songea. Najua unaogopa watu watasema amelogwa. Waache waseme. Mpaka nifike, mtu yeyote asimchape. Asishuke ziwani bila kushikwa mkono. Ukitaka kuongea naye, inama mbele yake akuone mdomo.

Barua hii anakuja nayo mwenzangu wa darasani anayekwenda kwao Mbinga. Anjela ataifuata stendi ya Mbinga. Msalimie Baba, umweleze taratibu, presha yake isipande. Msalimie shangazi wa kule milimani akishuka kutoka kwenye kahawa yake, na mama mchungaji, umwambie atuweke kwenye maombi.

Salamu za Stela sijui nikutume uzisemeje. Mshike tu.

Mimi mwanao,
Veronika