Hina ya Kufichia Oili

Mpendwa Mama Peninah,

Naandika barua hii mezani jikoni na mbele yangu kuna kabureta imelowekwa kwenye sufuria kuukuu, kwa hiyo ukiona karatasi inanuka petroli usishangae, naomba tu unisaidie kabla ya Jumapili ya wiki ijayo maana nimekwama na sina wa kumwambia. Majina nimeyabadilisha, ila Newtown ni Newtown na skuta ni skuta.

Niite Sirad. Nimekulia Garissa, na baba yangu, mzee Dubow, alikuwa fundi wa pampu za maji za mashamba yaliyo kando ya mto Tana, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale nyumbani, mimi ndiye niliyemshikia spana tangu nikiwa na miaka minane, na nilipofika kumi na miwili nilikuwa naweza kuijua pampu mbovu kwa kuisikiliza tu, na hili nalisema bila kujisifu, au tuseme najisifu kidogo, kwa sababu hapa Birmingham hakuna anayelijua isipokuwa mume wangu.

Mume wangu nimwite Daud. Anafanya kazi kwenye ghala upande wa Erdington, na mwaka 2004 alinunua skuta nyekundu, ile ndogo ya injini ya cc hamsini, iliyokuwa imelala kwenye bustani ya jirani yetu Gurbachan mpaka majani yakaota ndani ya ekzosi. Gurbachan mwenyewe alisema haitawaka tena. Mama, niliiwasha kwa siku tatu. Nilisafisha kabureta kwa mswaki wa zamani wa Daud, nikabadilisha plagi, mkanda na viatu vya breki, nikazichomoa zile rola sita ndogo za kwenye puli ya mkanda zilizokuwa zimelika upande mmoja nikaweka mpya, na ilipowaka nilisimama hapo jikoni nikalia kwa furaha, mtu mzima. Mpaka leo Daud akirudi kazini naisikia kabla hajafika kona, haikohoi wala haigongi, inavuma sawasawa, nami nacheka peke yangu.

Taabu ilianzia kwenye mkahawa wa Salat, wanapokunywa chai wanaume wa kwetu. Walimuuliza Daud nani aliyeifufua ile skuta, na kabla hajajibu mmoja akampiga bega akasema kumbe tuna fundi hapa, naye akatabasamu. Alipofika nyumbani aliniambia mwenyewe, uso umemshuka: "Walinipongeza ghafla, nikakosa pa kuanzia." Tulicheka sana siku hiyo. Lakini wiki iliyofuata mtu akamletea skuta yake, na mwingine, na Daud kila mara husema iache nitaitazama, halafu huiingiza jikoni kwetu kwa mlango wa nyuma, tunafunga pazia, yeye anavaa aproni anapika anjera na mchuzi, mimi natengeneza, na kesho yake anashukuriwa yeye. Nimeshatengeneza tisa na hakuna hata moja iliyorudishwa. Oili haitoki kwenye kucha, basi kila wiki napaka hina nyeusi kwenye ncha za vidole, na wanawake wenzangu wananiuliza ni harusi ya nani tena, nawajibu mume wangu anapenda.

Mwezi uliopita rafiki yake Tahlil alikuja kwetu, na binti yetu Hibo, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, akamwambia kwamba anayetengeneza skuta ni mama. Tahlil alicheka. Daud naye akamwambia mtoto aache kutunga hadithi za watu wazima. Iliniuma, Mama, kuliko nilivyodhani ingeniuma.

Sasa sikiliza. Skuta yetu niliifungua, yaani ndani yake mlikuwa na pete ya chuma inayoizuia isipite maili thelathini kwa saa, nami niliitoa kwa sababu malori yalikuwa yanamsukuma Daud barabarani, na sasa inafika arobaini na tano bila jasho. Tahlil ameiona inavyokimbia. Akamwambia, "Walaal, ndugu yangu, nifungulie na yangu, kazini nafika late kila siku," na wamekubaliana Daud ataifanya Jumapili hiyo ya wiki ijayo uani kwa Salat, wanaume wote wakitazama, na kwa kuwa breki ya nyuma ya Tahlil nayo imelegea, ataikaza palepale. Daud ameniomba nimfundishe kabla ya siku hiyo. Anajitahidi, lakini mkono hana. Jumanne alifunga waya wa breki ya nyuma ya skuta yetu akaniambia tayari, nikamwambia umefanya vizuri, na alipokwenda kuswali nikaigusa ile nati, ikazunguka kwa vidole viwili. Niliikaza vizuri nikanyamaza. Tangu siku hiyo anatembea akipiga mluzi.

Niambie nifanye nini. Nijifanye mgonjwa Jumapili ili waahirishe, au nimfundishe usiku na mchana? Ni mume mwema na sitaki achekwe. Lakini, Mama, nami natamani siku moja tu mtu aseme skuta ile ilitengenezwa na Sirad.

Fundi wa Jikoni, Newtown


MAMA PENINAH ANAJIBU

Mwanangu Sirad,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwa heshima. Skuta iliyoota majani, siku tatu, kwa mswaki! Mimi nina miaka ishirini na sita ya unesi na nikisikia gari langu linalia najua kazi moja tu, kuongeza sauti ya redio. Kwa hiyo kabla sijakugombeza, pokea pongezi zako, na safari hii zimefika kwa mwenyewe.

Sasa nakugombeza. Unaloweka kabureta kwenye petroli jikoni, na mita moja kutoka hapo mume wako anakaanga vitunguu kwenye moto. Pazia mmefunga ili majirani wasione. Je, mlitaka waone moshi? Toa sufuria hiyo nje leo, sasa hivi, kisha rudi uendelee kusoma.

Umerudi? Haya. Ile pete ya chuma irudishe mahali pake kabla Daud hajaenda kazini tena. Najua mkono wako ni mzuri na najua malori yalimsumbua. Lakini bima yenu imeandikwa kwa skuta ya maili thelathini, si arobaini na tano, na siku akimgonga mtu watawaacha wenyewe mbele ya sheria. Kama mnataka kasi, afanye mtihani, anunue pikipiki kubwa, uitunze kwa raha zako. Ya Tahlil nayo haifunguliwi. Achelewe kazini, au aamke mapema kama sisi wengine.

Lakini nililosoma nikaweka miwani chini ni ile nati. Nimefanya kazi ya kupokea majeruhi, Sirad. Nimekata kwa mkasi suruali za vijana walioanguka na skuta ambazo mtu fulani alisema ziko tayari. Wewe uliigusa nati ya breki ikazunguka kwa vidole viwili, ukamwambia mumeo umefanya vizuri. Unasema hutaki achekwe. Sasa yuko njiani kwenda kufunga breki ya mtu mwingine kwa ujuzi ambao wewe umempa cheti chake, na anapiga mluzi. Hapo hukumlinda hata kidogo. Ulimwonea huruma, na huruma yako itapanda skuta pamoja na Tahlil.

Kwa hiyo ugonjwa wa Jumapili usahau. Ukiumwa wiki hii, wiki ijayo utaumwa nini? Na kumfundisha usiku na mchana pia usahau, maana baba yako alikufundisha miaka na wewe unataka kumaliza kwa siku chache.

Fanya hivi. Akirudi kazini mketishe, umwambie habari ya nati, yote, bila kuipunguza. Atakasirika. Mwache akasirike, chai ikipoa mwongezee nyingine. Kisha mwambie unataka nini, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi: kwamba unatamani mtu aseme ilitengenezwa na Sirad. Nina hakika hajawahi kuyasikia, kwa sababu ulikuwa unacheka naye na kupaka hina. Mwanamume aliyekuja nyumbani siku ileile akakiri kwamba alikosa pa kuanzia si mwongo. Ni mtu mwenye haya aliyechelewa, na kila siku aliyochelewa, wewe ulimsaidia kuchelewa. Sasa mpe pa kuanzia.

Jumapili mwende wote watatu. Yeye abebe sanduku la spana. Wakishakaa, kabla chai haijamiminwa, aseme yeye mwenyewe, si wewe, maana aliyezipokea pongezi ndiye wa kuzirudisha: "Fundi ni mke wangu. Mimi ni mpishi wake." Watacheka, na waache wacheke. Wanaume tisa pale wanapanda skuta ulizozitengeneza, kwa hiyo kicheko hakitafika mbali. Kisha ukae chini mbele ya skuta ya Tahlil ukaze breki yake taratibu, na Daud akushikie taa. Hibo naye akae mbele kabisa aone, kwa sababu katika nyumba yenu ni yeye pekee aliyekuwa akisema ukweli, na akaambiwa anatunga hadithi. Baba yake atamwomba radhi hapohapo, kwa lugha yoyote atakayoielewa mtoto.

Daud akikataa kusema, basi mwambie Tahlil wewe mwenyewe, peke yake, kwamba breki yake isiguswe na mume wako. Hilo halina majadiliano. Mume anaweza kuona haya mwezi mzima akapona.

Jibu hili nimelitia posta kwanza, na gazeti litalichapa baada ya Jumapili hiyo, ili Daud aseme kabla hajasoma. Majina umebadilisha vizuri, lakini skuta nyekundu isiyokohoa Newtown ni moja tu, na mtaa mzima unaijua sauti yake. Kilichobaki ni waijue mikono iliyoipa sauti hiyo. Kwa hiyo wiki hii, mwanangu, usipake hina.