Vioo vya Rangi ya Asali

Jumatatu, 4 Machi

Haya, umerudi! Ulikuwa wapi wewe mwanamke? Umelitupa daftari mvunguni kama kiatu kilichopoteza mwenzake, ukaenda zako. Tangu macho yaingie ukungu hujatia humu hata nukta. Na usiniletee kisingizio cha ugonjwa – mkono ulikuwa mzima, na mdomo ndiyo kabisa haukupumzika. Hakuna mwingine anayesoma humu ila wewe mwenyewe, na wewe mwenyewe ndiye unayejikimbia. Aibu! Keti.

Herufi bado zinanitii. Mkamwana wangu ndiye aliyenifundisha, pale mezani jikoni, kichwa kimeshajaa mvi. Shule sikuijua hata mlango wake. Kwa hiyo nikikosea, nakosea mbele yangu.

Habari ni hii: jicho la kulia limetolewa mtoto wa jicho. La kushoto zamu yake Alhamisi tarehe 21. Hapa katikati naishi na macho mawili yasiyopatana. Asubuhi kabla sijaamka nalala chali, nacheza. Nafumba la kushoto – dari nyeupe, nyeupe ya kutisha, nyufa zote hadharani. Nafumba la kulia – dari ya chai ya maziwa, laini, haina ufa hata mmoja. Nyeupe. Chai. Nyeupe. Chai. Nyumba mbili ndani ya nyumba moja, na sijui mimi niliolewa katika ipi.

Mzee wangu akauliza namkonyeza nani huko juu. Nikasema mchumba. Akasema basi mchumba apake dari rangi, maana yeye amestaafu. Kazi yake ilikuwa kupaka nyumba za watu. Yetu ndiyo haikuwahi kupata zamu.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Miwani!

Ile miwani ya jua aliyoniletea mkamwana siku niliyotoka hospitali. Ya kampuni ya maana. Daktari alisema jua na mimi tusitazamane uso kwa uso. Leo nikaiona ina mafuta mafuta – nikaisugua. Kwa nini? Kwa waya wa masufuria na majivu! Kwani mimi nasugua kwa kitu gani kingine? Sufuria zangu mtu anajitazama akachana nywele. Vioo vikatoka kama paka wawili wamepigania humo mke. Nikivaa, ukungu uleule umerudi – ila huu wa kujitakia.

Mzee kacheka mpaka akashika ubavu. Eti nimeyapa macho mapya dawa ya sufuria. Kisha kicheko kikaisha, ubavu hakuuachia. Nikamwuliza. Akasema ni kicheko hicho.

Alhamisi, 7 Machi

Kwa fundi miwani. Kiduka chembamba, mtu mnene anaingia kiubavu. Fremu zimejipanga ukutani kama nyuso zinazosubiri wenyewe. Fundi kijana mwenye ndevu za heshima kuliko umri wake. Akaigeuza miwani, akaigeuza tena.

"Bibi, nani kafanya hivi?"

"Wezi," nikasema.

Akanusa. "Wezi wenye majivu?"

Tukacheka wote wawili.

Fremu nzima, vioo ndio vimekufa. Akanitolea vya aina mbili. Orijino, vya kampuni ileile, kijivu. Na vya mbadala, anavikata mwenyewe nyuma ya pazia kufuata fremu, kahawia. Nikauliza, hivyo vya pili ni feki? Kama nimemtukania mama yake! Feki, akasema, ni giza tu: jicho linadhani ni usiku, linajiachia, jua linaingia. Hivi vya mbadala vinazuia jua sawasawa na orijino. Akaviweka vyote chini ya kitaa chake cha kupimia jua, nikaona mshale wa kipimo umelala palepale.

"Tofauti ni rangi, bibi. Kijivu kinapunguza mwanga tu, kila rangi inabaki kwao. Kahawia inapaka kila kitu. Nyeupe na njano zitakuwa ndugu wa tumbo moja."

Akanipeleka mlangoni nijaribu. Kijivu: mtaa ni uleule, kama wingu limepita. Muuza mboga wa ng'ambo, kitambaa chake cha buluu bado buluu. Vizuri. Nikashukuru. Kisha kahawia –

Ee!

Mtaa mzima umechovywa asali. Ukuta uliobambuka rangi umekuwa kama mkate uliotoka motoni sasa hivi. Watu wanatembea polepole, au mimi ndiye niliyepungua mwendo. Ni alasiri. Ndani ya vioo vile ni alasiri daima: maji ya kuoga yako jikoni, watoto bado wadogo, wanakuja na magoti ya vumbi, hakuna aliyehama, hakuna aliyezeeka. Ni ulimwengu wa jicho langu la kushoto. Miaka yote nimelilaani kumbe nimelizoea. Tarehe 21 watautoa ukungu wake, na alasiri yangu itaondoka nao.

Sijui nilisimama muda gani. Mwenye mkokoteni akapiga kelele: "Bibi, ndoto kaote kitandani!" Nikamjibu kitanda chake kina kunguni.

Fundi kaniazima vioo vya kujaribia, vya aina zote mbili, nikaamue nyumbani.

Ijumaa, 8 Machi

Mkamwana kwenye simu: "Orijino, mama! Kitu cha kuiga ni cha kuiga tu. Jicho si sufuria." Nani kampelekea habari za sufuria? Nyumba hii haina siri.

Mzee yeye: kahawia. Ajabu. Mtu huyu toka anioe hajawahi kunichagulia hata leso. Leo kachukua kile kioo cha kahawia, kakiweka mbele ya jicho lake, akajitazama kwenye kioo cha kunyolea. Akakaa hapo. Akakiondoa. Akakirudisha. Nikadhani anajipenda.

"Chukua hivi," akasema. "Vinakupendeza."

"Sijavivaa hata!"

"Vitakupendeza."

Moyo ukalainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Mambo ya kusifiwa uzeeni!

Jumatatu, 11 Machi

Vimeshatiwa. Kahawia. Mkamwana nitamwambia baadaye, nikishapata ujasiri au akishapata mtoto mwingine wa kumshughulisha.

Navaa nje, navaa na ndani. Fundi alisema ndani haina haja. Haja ni yangu. Nakaa kwenye kiti changu karibu na mlango, maharage ya kuchambua mapajani, na sichambui. Vumbi linapita kwenye mwanga kama dhahabu iliyosagwa. Mzee amekaa kule, mgongo kwa dirisha. Uso wake umerudi ule wa siku aliyokuja kupaka nyumba ya jirani yetu, mimi naanika nguo, yeye juu ya ngazi anajifanya hanioni, brashi inadondosha rangi kwenye kiatu chake mwenyewe. Nikamwambia hivyo. Akatabasamu, akajikuna mkono.

Uji wake hakuumaliza. Mkono kaukuna hadi umechubuka. Anasema mbu. Sijaona mbu.

Jumatano, 13 Machi

Asali. Sikufanya kazi yoyote. Maharage yananitazama.

Alhamisi, 14 Machi

Usilifunge daftari. Andika hivyo hivyo.

Mchana nilikuwa naepua chungu, mvuke ukaziba miwani. Nikaivua niifute – kwa kitambaa laini, nimejifunza! Mzee akaja kuomba maji. Akasimama kwenye mlango wa nyuma, jua linampiga usoni, na nyuma yake shuka niliyoianika asubuhi.

Shuka nyeupe. Macho yake njano.

Nikasema ni jicho langu la kushoto, jinga lile. Nikalifumba. Shuka ikazidi kuwa nyeupe. Macho yakazidi kuwa njano. Kiini cha yai. Nikafumba la kulia: chai tu, mzee wangu mzuri, hana neno. Nikafumba la kushoto: njano. Ule mchezo wangu wa kitandani! Nikakalia ndoo.

"Toka lini?" nikamwuliza.

Hakujifanya haelewi. Akasema aliona wakati ananyoa, wiki ileile niliyofanyiwa jicho.

"Na hukusema!"

"Ningesema ungeenda kulifanya la pili?"

Nisingeenda.

"Nikasema likishapona na hilo," akasema, "utaniona vizuri, basi."

Mtu aliyechanganya rangi maisha yake yote! Alijua kahawia inaficha nini. Kaipima kwenye jicho lake mwenyewe, mbele yangu, nami nikadhani anajipenda.

"Kumbe kunipendeza kote kule ni uongo!"

"Kupendeza si uongo."

"Mwongo wewe. Fundi wa kuziba nyufa!"

"Ndiyo."

Nikakivuta kichwa chake hapa kifuani, nikamtukana mpaka matusi yakaniishia, nikayarudia ya mwanzo. Alikuwa mwepesi. Lini kawa mwepesi hivi?

Jumatatu, 18 Machi

Nimerudi kwa fundi. Nikamwambia toa hivi, tia orijino. Akauliza kuna kasoro? Hakuna, nikasema, vimefanya kazi yao vizuri mno. Nataka nyeupe ibaki nyeupe. Akanitazama, akaacha utani wake, akaingia nyuma ya pazia.

Kijivu. Mtaa kama ulivyo. Sikusimama mlangoni.

Mkamwana kaja kulala kwetu. Kaona orijino, kasema unaona sasa mama! Nikamwachia ushindi huo. Kisha nikamwambia yote. Akalia, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Hospitali wameyaona macho ya mzee, wakampa siku ya kupigwa picha ya tumbo, watazame ini: Alhamisi tarehe 21. Siku yangu! Mzee anasema jicho kwanza, picha itapangiwa siku nyingine. Mkamwana anasema yeye atampeleka baba, mimi niende kwenye jicho langu. Nikawaambia wote wawili: jicho litanisubiri, halina pa kwenda. Nimeitoa zamu yangu kwa mtu mwingine. Mzee kanuna mpaka usiku. Nilimwacha anune, ni haki yake.

Alhamisi, 21 Machi

Benchi la hospitali, daftari gotini. Miwani nimeitia mfukoni, humu ndani hakuna jua.

Wamemwita. Mlangoni akageuka: "Ungekuwa unatoka na jicho jipya saa hii."

"Ingia!" nikamwambia, watu wote wakageuka.

Kaingia. Mkamwana kaenda kutafuta chai ambayo hakuna anayeitaka. Nesi kapita, hakunitazama. Au alinitazama, sijui. Jicho la kushoto bado linanipa alasiri yake, kwa upole, kama mtu anayekubembeleza ulale. Sitaki. Nimelifunika kwa kiganja.

Mlango unafunguliwa. Si yeye. Umefungwa tena.

Wewe utakayelifungua daftari hili tena: usinikalie mbali kama safari ile. Na ukija usinianzie na hadithi. Kwanza mweke mzee dirishani, mchana, umtazame machoni. Kisha andika rangi. Rangi tu. Na ukiona mkono unakataa, ushike kwa ule mwingine, uandike.