Koti la Baba Yake Salimu

Dada Mwanaidi,

Shikamoo kutoka Houston, ambako joto linaanza kabla ya chai.

Jana nilimsindikiza Salimu, yule jirani yetu wa Tanga, kwa fundi cherehani Mkongo, hapa mtaa wa Sharpstown. Alibeba suti ya sufu aliyoshonewa marehemu baba yake London, miaka ya hamsini. Ameapa kuivaa Jumamosi akimwoza binti yake, lakini koti halikufunga tumboni.

"Papa, usiogope," fundi alisema akifumua mshono wa ubavuni. "Bazungu ya zamani balikuwa banaacha kitambaa ndani. Balijua mwanaume atanenepa."

Kweli kilikuwepo, upana wa vidole viwili. Akashona tukisubiri, na koti likafunga. Ila kitambaa kile hakikuwahi kupigwa jua, kwa hiyo kila ubavu ukabaki na mstari mweusi kwenye kijivu kilichopauka.

"Watu wataona," Salimu alisema.

Binti yake, aliyekuja nasi, alijibu kwa Kiingereza kwamba harusi ni yake, na waone tu.

Salimu hakulivua koti, joto lote lile, mpaka tulipofika kwake.

Mungu akutunze, dada. Wabusu watoto.

Mdogo wako,
Idi