Goti la Reverien

Nyumba za Walimu,
Kasulu.
9 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Immakulata,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Ulyankulu, na kwamba mguu wako uliokuwa ukivimba jioni umepata nafuu. Unauloweka kwenye maji ya chumvi kama tulivyokubaliana, au umeacha kwa sababu hakuna wa kukukumbusha? Na mzee wako Sylvesta, kikohozi kimemwachia? Mahindi mmeshapukuchua yote? Nawawaza kila siku, hasa asubuhi, baridi ya huku inaponifanya nitamani jiko lako.

Mimi ni mzima. Nayaandika maneno haya kwa mkono wangu na kwa moyo mweupe: ni mzima, sijapigwa, sijawahi hata kukaripiwa.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Mume wangu Reverien akikupigia, unakata. Nikikupigia mimi, unasema, "Kezia, najua amesimama hapo pembeni yako," halafu unakata. Leo ni Ijumaa, yeye yuko shuleni anawakimbiza watoto uwanjani, mlango nimeufunga, na pembeni yangu hakuna aliyesimama isipokuwa kuku. Nisome mpaka mwisho, Shangazi, hata kama utanicheka. Heri unicheke mimi kuliko kumchukia yeye.

Kwanza nikuambie jambo ambalo simu haikunipa nafasi ya kulisema. Ndoa ni tamu! Ulinitisha bure. Mume wangu akirudi kazini ananiita jina tangu yuko barabarani, majirani wote wanajua mwalimu amefika. Akinywa chai niliyopika anafumba macho, utadhani yuko kanisani. Juzi alinichumia ua la mgagani akanichomeka kwenye nywele, nikaenda nalo sokoni bila kujua, na watu walikuwa wakitabasamu njia nzima. Ndiyo maana aibu yangu ni nzito. Mtu wa namna hii ndiye niliyemwachia mzigo wangu aubebe.

Kaka Longinus alikupigia akiwa njiani kurudi Busunzu, akakueleza aliyoyaona. Hakusema uongo. Aliniona nimeshindwa kusimama. Alisikia kwamba nina alama nyeusi pajani. Hayo yote ni kweli. Alichokosa ni kisa chake tu, kwa sababu mwenye kisa, yaani mimi, nilikuwa nimefumba mdomo. Na sasa nikimweleza, anasema nimefundishwa cha kusema.

Ilianza siku chache baada ya harusi. Wifi yangu Ernesta, mdogo wake Reverien, ni msichana mwenye upendo mwingi na ulimi wa pilipili. Alikuja kunisalimia, akanizunguka kama anayekagua mbuzi, akamwambia kaka yake, "Kaka, umeoa mke au umeoa mwiko?" Tukacheka wote. Lakini walipotoka, nilisimama mbele ya kioo, nikajigeuza, nikaona kitenge kimenizunguka mara mbili na bado kinalegea. Nikaona kweli, mbele ni ubao na nyuma ni ubao.

Kwenye simu nilimpata dada mmoja mwenye umbo la chupa ya soda, anayefundisha kuchuchumaa na kuinuka ili nyuma ijae. Nikaanza. Reverien akishaondoka, naenda uani, nakumbatia ndoo ya maji, nachuchumaa, nainuka, nachuchumaa, nainuka. Nikikumbuka vizuri, yule dada hakusema kila siku. Kila siku niliiongeza mimi.

Unatujua tulivyolelewa, Shangazi. Shamba halimtaki mvivu, na ukilala leo palizi inakusuta kesho. Nikadhani na nyama za mwili ni hivyo hivyo: zikiuma ndiyo zinakua, na nikizipumzisha hata siku moja zitasinyaa. Zilipouma zaidi nikafurahi, nikaongeza maji kwenye ndoo. Ukingo wa ndoo ulinigonga paja lile lile kila nilipoinuka, mpaka pakaweka weusi. Na nyuma haikuongezeka hata unene wa ukucha. Nikajiambia sijafanya ya kutosha. Siku ya kunitoa ndani ilipokaribia, nikazidisha asubuhi, na jioni nikarudia.

Sasa fika nami kwenye siku hiyo, ile gutwikurura, sherehe ya kumtoa bibi arusi ndani, uliyonisimulia tangu nikiwa msichana mdogo. Nyumba ya baba mkwe, Mzee Bazilio, ilijaa mpaka watu wakasimama nje. Wanawake waliponivika waliiona alama pajani wakatazamana. Nilipotoka chumbani nilitoka nimeshika ukuta, wakatazamana tena. Mimi nilitabasamu tu, kama ulivyoniusia.

Nikapewa kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija wake. Nikampigia baba mkwe magoti mawili, mgongo wima, macho chini, mikono miwili, yote ya mafundisho yako. Kushuka nilishuka, ingawa nilishuka kama gunia. Mzee akapokea, akanywa, akanibariki, akaniambia niinuke: "Haguruka, mwanangu."

Miguu ikakataa kunisimamisha.

Nilijisukuma, ikatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Nikashika mkeka, nikajaribu tena, nikatoa mlio ambao bibi arusi hatakiwi kuutoa. Mzee akarudia taratibu, "Haguruka." Nikabaki chini, machozi yakidondoka kwenye kitenge.

Mama mkwe akamnong'oneza Ernesta, "Na ile alama pajani mwake?" Kunong'ona kwake unakujua, kulisikika mpaka jikoni.

Longinus akasimama. "Dada yangu tulimleta hapa kwa miguu yake! Leo hawezi kuinuka!" Akachukua kofia yake ya pikipiki akatoka, na mlio wa pikipiki ukaisha barabarani kabla sijapata hata mate ya kumeza.

Mzee Bazilio akamgeukia mwanawe. "Reverien, umempiga huyu mtoto?"

"Sijampiga, Baba."

"Basi amefanywa nini?"

Reverien akanitazama. Mimi nikautazama mkeka. Akajibu, "Sijui, Baba."

"Wewe mwalimu wa michezo, miili ya watoto wa watu unaijua, wa mkeo huujui?" Watu wakaguna.

Hapo, Shangazi, neno langu moja lingemwokoa. Lakini niliwaona wakwe, majirani, wazee wa kanisa, na Ernesta na ulimi wake. Niseme nini mbele yao? Kwamba bibi arusi alikuwa anakuza makalio kwa ndoo? Nikachagua kuificha aibu yangu, nikaliacha jina la mume wangu liburutwe. Ndilo jambo linalonichoma mpaka leo, kuliko yale maumivu ya miguu.

Mzee akasema, "Katika nyumba hii mwanamke hapigwi. Mpigie goti mkeo, umwombe radhi mbele ya hawa wote."

Unajua kwetu goti la mwanamume kwa mkewe ni kitu gani. Atatajwa nalo hata na watu ambao hawajazaliwa. Reverien hakubishana. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kigoda, akaanza kushuka. Goti lake moja lilipogusa mkeka, kitu kikapasuka kifuani mwangu.

"Ni ndoo!" nikapiga kelele. "Baba, ni ndoo! Nimejichuchumalisha mwenyewe!"

Ernesta akauliza, "Ndoo gani tena?"

Nikasema yote, nikiwa bado nimepiga magoti: mwiko, kioo, dada wa kwenye simu, ukingo wa ndoo, na neno "nyuma" ambalo sijawahi kulitamka mbele ya wanaume. Mzee Bazilio akatazama dari. Akampa jirani kibuyu, akasema, "Kuna kitu nimesahau nje," akatoka. Tukamsikia nyuma ya nyumba akicheka mpaka akapaliwa. Hapo nyumba nzima ikafunguka kwa vicheko. Ernesta na mama yake wakaninyanyua kwa kwapa kama kiroba cha mihogo, na Ernesta akanisemea sikioni, "Wifi, mwiko husonga ugali wa nyumba nzima. Nani alikwambia nakutukana?"

Reverien peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama mlango aliotokea Longinus.

Tulipofika nyumbani nilimwomba msamaha nikilia. Akaniwekea maji ya moto kwenye beseni, akanikanda miguu, halafu akasema, "Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Siku ile niliyosahau filimbi, nilirudi kuichukua. Nikakusikia uani unahesabu. Rimwe, kabiri, gatatu. Ukifika icumi unamwita Mungu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliogopa nitaona haya. Alikuwa anatafuta njia ya kunieleza habari ya mapumziko bila mimi kujua kwamba ameniona, na njia ikachelewa. "Na mbele ya Baba je? Ungesema tu," nikamwambia. Akaendelea kukanda. "Siri ilikuwa yako, Kezia. Haikuwa yangu."

Shangazi, niambie, mwanamke anafanya nini baada ya kusikia maneno kama hayo? Nililia upya, beseni likaongezeka maji.

Kisha akanifundisha, kama anavyowafundisha wanafunzi wake lakini kwa sauti ya chini. Anasema msuli haukui wakati unaufanyisha kazi. Ukichuchumaa unauchosha na kuuchanachana kidogo. Ukipumzika, ukila na ukilala, ndipo unajiunga na kunenepa. Kila sehemu ya mwili inatosha kuifanyia kazi mara mbili kwa juma, tatu kwa aliyezoea sana, na katikati uipe siku mbili hivi ipumue. Mwili ukishazoea ndipo uzito unaongezwa, taratibu. "Wewe fundi akipanga tofali, unakuja asubuhi unabomoa," akaniambia. "Nyumba itasimama lini?" Nami nilikuwa nakula uji tu, nikiogopa tumbo. Sasa ni maharage, dagaa na mayai ya hawa kuku wanaonitazama.

Siku hizi tunafanya wote wawili uani, mlango wazi. Jumanne na Ijumaa ni miguu, Jumatatu na Alhamisi mikono na mgongo, Jumapili hatugusi kitu. Anahesabu yeye, kwa Kiswahili, na ananisimamisha nikitaka kuongeza. Nyuma? Kitenge bado kinazunguka mara mbili, ila sasa fundo linashika. Reverien anasema aliponioa alikuwa na macho yote mawili, na hakuna alichokisahau. Nimekoma kubishana naye.

Juzi Jumatano tulirudi kwa Mzee Bazilio, kwa sababu niliona siwezi kuacha siku yangu ibaki imekatika katikati. Nikachukua kibuyu, nikapiga magoti. Akanywa, akasema, "Haguruka," na nikaona hata yeye ameshika pumzi. Nikainuka kwa mwendo mmoja, bila kushika mkeka. Ernesta akapiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia.

Najua bado utasema nimeandikiwa barua hii. Basi sikiliza. Siku ya harusi, uliponiogesha kabla ya kunivika, ulinifinya kiunoni ukasema, "Hapa mbona hapajajaa? Usijali, patajaa kwa mumeo." Tulikuwa wawili tu, mimi na wewe. Reverien halijui neno hilo, wala hatalijua. Sikulaumu, Shangazi wangu, ulisema kwa mapenzi. Lakini Ernesta alimwagilia mbegu iliyokuwa imeshapandwa, na nimeona nikuambie wewe peke yako, ili ujue mkono huu ni wa Kezia.

Kaka zangu waliposema mwalimu ni mgeni kwetu, wewe ndiye uliyesimama ukasema, "Huyu namjua kwa macho yake." Hilo neno lako Reverien analitembeza kila mahali kama cheti. Kila jioni anatoka nje kukupigia, anasikia simu imekatwa, anarudi ndani akisema mtandao wa huko kwenu Tabora ni mbaya. Mtandao wa Tabora hauna kosa, naye anajua.

Jumapili tukitoka kanisani atakupigia tena. Sitasimama pembeni yake. Siku ile alishuka kwa ajili yangu kabla sijasema kweli, na wote waliokuwepo wameshamwinua. Kwako bado goti lake liko chini, Shangazi. Umebaki wewe tu wa kumwambia haguruka.

Nisalimie mzee wako Sylvesta, mwambie apunguze moshi. Nisalimie binamu yangu Aneth na mtoto wake, na Mama Habonimana wa jirani aliyenishonea gauni. Mama mkwe anakusalimu, na Ernesta anasema ukija atakupikia ugali kwa mwiko mnene kuliko mimi.

Mungu aulinde mguu wako, akujalie usingizi mwema na miaka ya kuwaona wajukuu kutoka nyumba hii.

Mimi mtoto wako akupendaye, mwenye haya nyingi na furaha kubwa zaidi,

Kezia